Midwife: Yule Aliye Pamoja na Mama

Masomo: Kutoka 1:15–21, Mwanzo 35:16–20, Warumi 8:22–27

Fungueni Biblia katika Kutoka sura ya kwanza, weka kidole pale. Weka kidole kingine katika Mwanzo 35. Tutarudi kote kuwili.

Leo tunaanza na neno la Kiingereza. Tunajua mtashangaa, maana hapa kwetu hata Kifaransa kinatuhangaisha. Lakini swali lilitoka kwenu. Kijana mmoja anayesoma Kiingereza katika shule ya jioni alituletea ujumbe. Mwalimu wao aliwapa kazi ya kusoma sura hii ya Kutoka katika Biblia ya Kiingereza, ile ya zamani iliyochapishwa mwaka 1611 wakati wa mfalme James. Akakuta kwamba Shifra na Pua wanaitwa "midwives". Kijana anajua kwamba "wife" ni bibi, ni kusema mke wa mtu. Anajua tena kwamba "mid" ni katikati, kwa sababu usiku wa manane wanauita "midnight". Akaunganisha yote mawili, akatuuliza: je, hawa walikuwa bibi wa katikati? Mtu ana bibi watatu, na huyu ndiye wa pili? Na kama ni hivyo, kwa nini Mungu aliwabariki?

Studio nzima tulicheka. Mama mmoja wa timu yetu akasema kwamba kama ni bibi wa katikati, basi kweli alihitaji baraka, maana yule hana heshima ya mkubwa wala mapendo ya mdogo. Lakini baada ya kucheka tuliona kwamba kijana ameuliza vizuri. Neno likisimama mbele yako halieleweki, usiliruke. Tukatafuta, na tulichokipata kimetugusa sisi wenyewe kabla ya kuwafikia ninyi.

Sikilizeni. "Mid" ya neno hili si ile ya "midnight". Ni maneno mawili tofauti yaliyofanana sura, kama vile kwetu "paa" la nyumba na "paa" mnyama wa porini. Katika Kiingereza cha kale "mid" ilikuwa na maana ya "pamoja na". Wajerumani hadi leo wanasema "mit". Na wamisionari wa Sweden, waliofika upande wetu wa Kivu na Injili ya Pentekoste tangu mwaka 1921, wao kwa lugha yao wanasema "med". Ni ukoo mmoja wa maneno. Na "wife" zamani haikuwa lazima mke wa mtu. Ilikuwa "wif", mwanamke yeyote, ameolewa au hajaolewa. Ndiyo maana Waingereza walikuwa na neno "fishwife". Huyo si bibi wa samaki! Ni mama muuza samaki, kama wale wanaotoka ziwani asubuhi na beseni kichwani.

Kwa hiyo "midwife" ni pamoja-na-mwanamke. Neno limeandikwa katika Kiingereza tangu karibu na mwaka 1300. Wataalamu wa lugha wengine wanalisoma hivi: yule mwanamke aliye pamoja na mama anayezaa. Wengine wanalisoma: yule aliye pamoja na mwanamke. Sisi hatutaingia katika mabishano yao, kwa sababu upande wowote utakaoshika, "pamoja na" inabaki palepale. Kule Uingereza siku hizi kuna hata wanaume wanaofanya kazi hii, na wao pia wanaitwa "midwife", wala hakuna anayecheka.

Linganisheni na lugha nyingine tunazozijua. Kwa Kifaransa, mama wa maternite anaitwa "sage-femme", mwanamke mwenye hekima, mwenye ujuzi. Jina hilo linasifu kile anachokijua. Kwa Kiswahili tunasema mkunga, na Biblia yetu katika Kutoka 1 inasema wazalisha, wale wanaomfanya mtu azae. Jina hili linasifu kazi ya mikono yake, na linakaribiana sana na Kiebrania chenyewe, maana hata kule neno lake limetoka katika neno la kuzaa. Waingereza wa kale hawakutaja ujuzi, hawakutaja kazi. Walitaja tu mahali anaposimama. Yuko pale, na mama hayuko peke yake.

Kuna jambo moja zaidi juu ya hiyo "mid", na hapa ndipo tulipoacha kucheka. Kiingereza cha leo hakiitumii tena kwa maana ya "pamoja na". Mahali pake pamechukuliwa na "with". Na hiyo "with" zamani ilikuwa na maana ya "dhidi ya", kushindana na mtu, kumkabili. Maana hiyo ya zamani bado iko katika "withstand", ni kusema kupinga. Hata kwetu, "na" ina pande mbili: unakula na ndugu yako, na unapigana na adui yako. Neno ni lile lile. Sasa mtu akisema, "Kanisa liko na mama mwenye mimba," unaweza kumuuliza: liko naye kwa namna gani?

Turudi Kutoka 1. Farao anawaita Shifra na Pua. Anawaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania pale pale mama anapozaa, kabla hajapumua vizuri. Kiebrania cha mstari wa 16 kinataja kitu alichokalia mama, neno lenye sura ya "mawe mawili", na ndilo neno lile lile la gurudumu la mfinyanzi katika Yeremia 18:3. Wahubiri, neno hilo lina chakula kingi, lakini leo tutalipita.

Wazalisha wale hawakutii. Walimcha Mungu kuliko Farao, wakawaacha watoto hai. Angalieni pia kwamba Biblia haitaji jina la Farao yule. Mfalme mwenye majeshi na miji ya hazina hana jina katika sura hii. Wanawake wawili wa kazi ya damu na maji, wao majina yao yapo, na tunayasoma leo hapa Congo. Na Mungu akawapa nyumba zao wenyewe, mstari wa 21.

Sasa fika mstari wa 19. Farao anawauliza kwa nini wamefanya hivyo. Nao wanamjibu kwamba wanawake wa Kiebrania hawafanani na wa Misri, wana nguvu, wanazaa kabla mzalisha hajafika. Mstari huu tumeuhubiri sana. Tumeufanya kuwa ahadi na kuwa maombi. Ni mama gani wa kanisa la Pentekoste, hapa au Afrika nzima, ambaye hajawekewa mkono juu ya tumbo na kuambiwa kwamba atazaa kama wanawake wa Kiebrania?

Sisi wenyewe tumefanya hivyo. Kwa miaka, katika kipindi chetu cha akina mama cha Alhamisi, tumemalizia kwa kuwaombea wenye mimba, na maneno yetu yalikuwa hayo: utazaa kama Mwebrania, kisu hakitakugusa. Siku moja mmoja wetu aliongeza kwamba kisu ni cha wale ambao imani yao imelala. Wengine tukaitikia amina. Hatukufikiri kitu.

Baada ya miezi tulipata ujumbe wa dada mmoja. Hatutataja jina lake wala mtaa wake. Alisema siku ile alikuwa kitandani hospitali, siku ya tatu tangu kupasuliwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio. Mtoto alikuwa analia, naye hakuweza hata kugeuka amshike, na akatusikia tukisema habari ya imani iliyolala. Mama mkwe wake alikuwa amekaa pale miguuni, akasikia pia. Tangu siku ile, kukiwa na ugomvi mdogo nyumbani, mama mkwe anamwambia, "Wewe hukuzaa, ulitolewa mtoto." Sasa mtoto anakaa mwenyewe, ameota meno mawili, na bado hajaletwa kanisani kuwekwa mbele ya Bwana. Dada anasema hawezi kusimama mbele ya watu kutoa shukrani kwa kitu ambacho redio ya kanisa imekwisha kusema ni aibu.

Wapendwa, tulisoma ujumbe ule mara mbili, hakuna aliyekuwa na la kusema. Tulikuwa na yule dada siku ile, kwa redio tulikuwa karibu kabisa na sikio lake. Lakini tulikuwa naye kwa ile maana ya zamani ya "with".

Na hilo si baya kuliko yote. Mmoja wetu alifungua kinywa akakumbusha mama mwingine, zamani kidogo, aliyekaa siku mbili katika chumba cha maombi akingoja kuzaa kama Mwebrania. Watu walikuwa wanaomba kwa sauti kubwa na kwa machozi ya kweli. Walipompeleka hospitali mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Huyo mwenzetu alikuwa kati ya waliokuwa wanaomba. Alisema, "Tulimzunguka wote, lakini hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kazi." Hatusemi hili ili kuwahukumu wale waliokuwa pale. Tunalisema kwa sababu tulikuwa sisi.

Basi tuusome tena mstari wa 19 kwa akili. Ni nani anayesema? Ni wazalisha. Wanamwambia nani? Farao, muuaji wa watoto, aliyewaita kuwahoji. Ni maneno ya wanawake wawili mbele ya mtu anayeweza kuwaua. Huenda yalikuwa na ukweli ndani yake, huenda yalikuwa njia ya kuponyoka, walimu wa Biblia wamebishana juu ya hilo tangu zamani. Lakini kitu kimoja kiko wazi: Mungu hasemi pale. Si ahadi kwa mama wa Goma au Uvira kwamba hatahitaji msaada. Na ni ajabu kwamba tumechukua habari ya wazalisha waliobarikiwa na Mungu, tukaitumia kuwaambia wanawake kwamba mzalisha si lazima.

Sasa nenda Mwanzo 35. Raheli ni nani? Ni mama wa Waebrania. Ni mke aliyependwa, Yakobo alimtumikia miaka. Tena ni mwombaji: katika Mwanzo 30:24, alipomzaa Yosefu, alimwomba Bwana amwongezee mwana mwingine. Ombi lile lilijibiwa. Lakini jibu lilimkuta njiani, wametoka Betheli, bado mwendo kidogo kufika Efrata, na uchungu ukawa mzito sana. Mzalisha alikuwa naye. Katika saa ile ngumu alimwambia asiogope, huyu naye ni mwana wa kiume. Ni kama kumwambia, "Raheli, lile ombi lako, liko hapa, limefika." Raheli akampa mtoto jina la Benoni, akafa. Baba yake akamwita Benyamini.

Soma mistari ile yote mitano, utafute mahali panaposema kwamba Raheli alikosa imani. Hapapo. Yakobo hakusema hivyo, aliweka nguzo juu ya kaburi lake. Mzalisha hakusema hivyo. Basi kama mwanamke wa Kiebrania mwenyewe, aliyeombewa na kupendwa, alizaa kwa taabu mpaka kufa, sisi tumepata wapi mafundisho yetu?

Na fungua kidogo Mwanzo 38, habari ya Tamari. Mimba yake ilikuwa aibu ya ukoo mzima, nusura wamchome moto. Lakini siku ya kuzaa mapacha mzalisha yuko pale, na uzi mwekundu mkononi, anafunga mkono wa mtoto aliyeutoa kwanza. Hakumuuliza mimba imetoka wapi. Mambo ya nidhamu ya kanisa yana siku yake, lakini siku ya uchungu siyo.

Ndugu zangu, hata Kiswahili chetu kilituonya zamani: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hii tumezoea kuitumia kwa mambo mengine, ya kazi na ya ujirani. Sisi tuliitukana maternite redioni, na bibi zetu wenyewe walikuwa na mimba.

Sasa tuseme wazi mambo ambayo wauguzi wanayajua kila siku. Mtoto anaweza kulala kingamo tumboni. Njia ya mama inaweza kuwa nyembamba kwa kichwa cha mtoto. Kondo la nyuma linaweza kutangulia likaziba mlango, na damu ikatoka nyingi. Mama anaweza kupanda presha, kichwa kinauma, macho hayaoni vizuri, halafu anashikwa na degedege. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni dhambi, kama vile mguu uliovunjika katika mpira si dhambi. Daktari akisema sezariene, ni mlango umefunguliwa mahali pengine ili mtoto apite. Mama aliyepasuliwa amezaa. Amebeba miezi tisa kama wengine, amepita katika uchungu au katika kisu au katika vyote viwili, na kovu lake litamuuma wakati wa mvua. Mama wakwe mnaotusikia, tunawaomba kwa heshima yote: lile neno la "ulitolewa mtoto" lisisikike tena.

Wengine watasema, basi redio imeacha maombi, imekuwa ya hospitali. Hapana. Sisi ni Wapentekoste, tunaomba na tutaomba. Lakini mnamjua Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, yule aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba akiwa mdogo alifuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Njiani akamuuliza baba kwa nini ameomba tu, hakumpa dawa. Baba akamjibu kwamba yeye si mganga. Mtoto akaamua palepale kuwa mganga, baba aombe, naye atoe dawa. Amesimulia tena kwamba alipozaliwa, mwaka 1955, kitovu chake hakikukatwa vizuri, akashikwa na ugonjwa ulioelekea kumuua, na mmisionari mwanamke kutoka Sweden alihangaika mpaka akapata matibabu. Ukisoma Ezekieli 16:4, habari ya mtoto ambaye kitovu hakikukatwa wala hakuoshwa, utaona kwamba hata Neno la Mungu linajua kitovu ni jambo la kufa na kupona.

Daktari huyu alianza kazi Lemera, na huko aliona akina mama wakifika wamekawia mno, ndipo akaenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya jumuiya ya makanisa yetu ya Pentekoste, CEPAC, ilikusudiwa kwanza kwa akina mama wanaozaa. Vita vikaleta majeruhi wa namna nyingine, na dunia nzima imejua habari hiyo. Lakini mwanzo wake ulikuwa maternite. Watu waliotufundisha kunena kwa lugha ndio waliotujengea vyumba vya kuzalia. Hawakuona ugomvi kati ya viwili hivi.

Turudi kwa lile neno letu. Bwana Yesu katika Yohana 14:16 anaahidi kwamba Baba atatupa Msaidizi, akae nasi. Neno la Kigiriki lililo pale ni "parakletos", ni kusema aliyeitwa aje kusimama kando yako. Umesikia? Nasi Wapentekoste tukisikia Roho Mtakatifu tunafikiri moto, tunafikiri upepo na nguvu, na ni kweli. Lakini jina hili linafanana sana na lile la mkunga kwa Kiingereza: aliyeitwa usiku, akaja, akakaa kando.

Na Paulo katika Warumi 8 anatumia picha ya chumba cha kuzalia waziwazi. Mstari wa 22, viumbe vyote vinaugua kwa uchungu wa kuzaa. Mstari wa 23, sisi nasi tunaugua. Na mstari wa 26, Roho mwenyewe anatusaidia katika udhaifu wetu, anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Roho hasimami mlangoni akisema, "Mbona unalia, imani yako iko wapi?" Anaugua pamoja na anayeugua. Mama yeyote aliyewahi kushikwa mkono na mkunga mzuri saa nane za usiku anajua kuugua kule. Mkunga anapumua na wewe, anasukuma na wewe kwa uso wake, mpaka jasho linamtoka.

Neno kwa mabwana. Tunajua desturi: bwana anapeleka bibi yake mpaka mlango wa maternite, anaacha kikwembe na beseni, halafu anaenda kungoja simu. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri kwamba mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe wa kukaa naye wakati wote wa uchungu. Utafiti uliokusanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba mama mwenye mtu kando yake uchungu wake huwa mfupi kidogo, na anafikia kisu mara chache kuliko aliyeachwa peke yake. Si kila maternite inaruhusu bwana aingie, vyumba vingine vina mama watatu na pazia hakuna. Kama huwezi wewe, awe dada yake, awe mama mmoja wa kanisa. Lakini uulize mapema, siku ya CPN, usingoje usiku wa uchungu. Na siku hiyo ya CPN, wewe bwana, nenda pia.

Neno kwa akina mama wa kanisa. Wengi wenu mna AVEC zenu, mnaweka franga kila wiki katika kile kisanduku chenye kufuli tatu. Mnajua kwamba "avec" kwa Kifaransa ni ile ile "pamoja na" tunayoizungumzia tangu mwanzo. Kikundi kimoja kimetuambia kwamba sasa kinatenga kidogo kila mkutano kwa ajili ya mama atakayezaa: pesa ya pikipiki ya usiku, na akiba ya fakture ikitokea kupasuliwa. Maana mnajua vilevile kwamba kuna mahali mama amepona, mtoto amepona, nao hawawezi kutoka mpaka fakture ilipwe. Wiki tatu, mwezi, amekaa pale na mtoto mgongoni. Siku zile ndizo anazohitaji kuona sura za kanisa.

Kwa upande wetu, yale maombi ya Alhamisi tumeyabadilisha. Tunaombea wenye uchungu, tunaombea mikono ya wakunga na ya madaktari, tunaombea damu ipatikane hospitali, na tunawataja kwa heshima waliopasuliwa. Tulikwenda pia kwa yule dada, watu watatu. Hatukuhubiri. Tuliomba msamaha, mbele ya bwana yake na mbele ya mama mkwe. Mama mkwe alinyamaza muda mrefu, halafu akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mmoja wetu akaenda naye nje. Dada alisema atafikiri juu ya siku ya kumleta mtoto kanisani. Hatukumsukuma.

Na wewe kijana wa shule ya jioni, mwambie mwalimu wako kwamba Shifra na Pua hawakuwa bibi wa katikati wa mtu yeyote. Mwambie na maana yake, halafu umwombe akupe neno lingine.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyezaliwa na mwanamke, usiku huu kuna mama yuko njiani juu ya pikipiki, mvua inanyesha, mfikishe. Kuna mkunga mmoja ana vitanda vinne na taa moja, mpe nguvu mpaka asubuhi. Kuna mwingine amelala na bandeji tumboni anasikiliza redio hii, tunakuomba asikie sauti yako, si yetu. Wapokee watoto waliokufa katika vyumba vyetu vya maombi, na utusamehe. Katika jina lako. Amina.